Mbegu za nyasi za malisho: nimezipa nyota nne, pakiti ndiyo imeharibu

Watu wa Kajiado mmeniuliza sana kama hizi mbegu za nyasi zinafanya kazi ama ni biashara tu. Mimi nilichukua aina mbili, Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, zile zile watafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kiboko wamezifanyia kazi kwa ajili ya sehemu kavu.

Mbegu yenyewe poa. Cenchrus ina manyoya, ukiishika inang'ang'ania vidole, so changanya na mchanga mkavu ndio isambae, halafu usiizike ndani, funika kidogo tu. Shida ni pakiti, haina tarehe ya kuvunwa, na nyasi hizi zikivunwa hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Jamaa wa duka nikamuuliza akasema we panda tu. Haya, pakiti moja ikaota fiti, nyingine vijimche vya kuhesabu, na ni shamba moja mvua moja.

Lakini kama hutaki kushughulika na udongo usipoteze pesa. Kwangu ng'ombe walikuwa wanalisha mwaka mzima bila kupumzisha, halafu ikaja ile kiangazi ya kuanzia 2020, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, ikabaki ardhi tupu. Ikishakuwa tupu matone yanaipiga, kwato zinaishindilia, juu kunafanya gamba gumu kama sakafu, basi mvua ikinyesha maji yanateleza tu yanabeba ule udongo wa juu wenye mboji na mbegu yako pia. Nilipitisha plau ya maksai kukata mteremko, maji yakapata pa kuingilia. Kipande nilichoacha bila kulima, mbegu ya pakiti ile ile nzuri, hakuna kitu.

Na msiwalaumu ng'ombe sana, palipokuwa na boma la zamani ndipo nyasi imesimama kuliko kote, samadi hiyo. Wazee walikuwa wanatenga olopololi, yaani malisho ya akiba karibu na boma, ya ndama na kuhama na ng'ombe wengine, sisi tumegawa mashamba tukaweka waya tunazunguka hapo hapo.

Msimu wa kwanza usiingize mifugo mpaka nyasi ikomae idondoshe mbegu. Mbuzi wa jirani hawajui hayo, so weka bajeti ya miiba ama fensi.

Nitanunua tena, ila kwa mtu wa kuniambia ilivunwa lini.