Gliserini ya Dar siyo gliserini ya Makambako: nimeipaka masika, nikaipaka kipupwe

Kabla sijasalimia mtu, kamera isogee hapa kwanza. Huu mkono wa kushoto. Napitisha ukucha taratibu, wala sikandamizi. Mmeuona huo mstari mweupe? Haya, njoo huku kulia. Ukucha ule ule, napitisha... hakuna kitu. Ngozi imetulia. Mikono ya mtu mmoja hii, gliserini ya chupa moja, siku saba sawasawa. Kilichotofautiana ni namna ya kupaka, na hicho ndicho kimeniweka hapa leo, maana ningekijua mwezi wa sita ningeokoa miguu yangu.

Habari zenu wapenzi wangu, karibuni tena. Kama ndiyo mara yako ya kwanza hapa, mimi ni mtu wa Tabata, Dar es Salaam, ila tangu mwezi wa tano kazi imenileta Makambako. Wanaopajua hapa, njia panda ya Mbeya na Songea, wanaujua upepo wake. Unaanza asubuhi, haupumziki. Mvua zilishakata, baridi imeshika, vumbi linatembea, na ukitoka na midomo mitupu unafika stendi tayari imepasuka.

Bidhaa ndiyo hii, gliserini safi ya duka la dawa, mililita 100. Sitakaa kuwaelezea rangi na harufu, mnaijua, bibi zenu walikuwa nayo kabatini. Dar nilinunua shilingi 3,000, hapa nimeikuta 4,000. Kitu kimoja tu mkifika dukani: angalieni kwenye lebo kama pana herufi BP, yaani imefuata viwango vya dawa. Basi, twende kwenye kilichonikera.

Mwezi wa nne Dar, masika imechachamaa, hii chupa ilikuwa kipenzi changu. Natoka kuoga, matone matatu kiganjani, naparaza mwili mzima, nimemaliza. Ngozi laini mpaka jioni. Kama video hii ningeirekodi kipindi kile ningewapa alama tisa juu ya kumi bila kufikiri. Nikaja nayo huku na mazoea yale yale. Wiki ya pili miguu ikaanza kupauka. Wiki ya tatu magamba, ngozi inavuta kama imepungua saizi, usiku inawasha nashindwa kulala. Nikasema labda napaka kidogo, nikaongeza. Ikazidi. Asubuhi gliserini, jioni gliserini, na visigino vimeanza magaga. Nikaichukia kabisa, nikaitupia chini ya kitanda.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye mambo. Tumeizoea gliserini kama mafuta ya kupaka, tunaiita mafuta, lakini siyo mafuta. Mafuta ukiyatia kwenye maji yanaelea. Gliserini inaingia kwenye maji yote, hutaiona tena. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashikilia. Haileti maji yake, haina. Inavuta ya jirani.

Nataka muione siyo muamini maneno yangu tu. Nalowesha kiganja, maji kidogo, yanayobaki ukikung'uta mkono. Sasa natia gliserini safi juu yake, hivi, nasugua. Subirini... Aisee. Joto! Nyie hamuwezi kulihisi kwenye simu, ila fanyeni nyumbani leo. Kiganja kinapata moto kabisa, na chumba hiki kina baridi, nimevaa sweta mbili. Lile joto ni gliserini inakutana na maji, inayanywa. Narudia na mkono mkavu ili mjue sidanganyi. Mkono mkavu, gliserini ile ile, nasugua... nasugua... kijoto cha msuguano tu basi. Mmeona? Ndiyo maana ukipaka gliserini tupu kwenye midomo iliyopasuka inachoma. Imekuta maji kwenye nyama, inayavuta.

Sasa fikirieni chumvi. Dar wakati wa masika chumvi ya kwenye kopo inakuwaje? Inalowa, inashikana, wengine tunatia punje za mchele ndani ili imwagike. Hapa Makambako chumvi yangu inatiririka kama mchanga wa mtoni tangu nifike. Hewa ya Dar ina maji, ya huku mwezi huu haina. Gliserini ukiipaka Dar inakunywa kutoka hewani, ngozi inafaidi. Ukiipaka huku ikiwa tupu, kwenye ngozi kavu, hewani haipati cha kutosha, inageukia tabaka za chini za ngozi yako mwenyewe. Inapandisha maji juu, halafu ule upepo unayachukua. Nilikuwa najikausha kwa mikono yangu, mara mbili kwa siku.

Na kuna jaribio jingine nimelifanya na mdogo wangu aliyebaki Tabata. Kila mmoja ametia vijiko viwili vya gliserini kwenye kisahani, akakiacha wazi dirishani siku tatu. Picha yake hiyo hapo mnaiona, ameinamisha kisahani, gliserini inakimbia kama maji ya sukari. Changu hiki hapa, nainamisha... inajivuta, bado nzito. Nayo imelainika kidogo, sitasema haijavuta kitu, lakini tofauti mnaiona wenyewe.

Kwa hiyo huu mkono wa kulia nimeufanyaje. Naoga kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Najua baridi ya huku inavyotushawishi, ndoo ya maji yanayotoa moshi, dodoki, sabuni ya kufulia, unajisugua mpaka raha. Yale maji ya moto yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi, kisha unatoka nje kwenye upepo ukiwa huna kinga yoyote. Punguzeni moto wa maji, na dodoki lipumzike kipupwe hiki, mara moja kwa wiki inatosha. Nikitoka kuoga sijifuti mpaka nikauke, nagusagusa tu na taulo, mwili ubaki na unyevu. Hapo hapo bafuni, kabla sijafungua mlango, napaka mchanganyiko: kijiko kimoja cha gliserini kwa vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Halafu, na hapa msiniruke, juu yake natandaza mafuta ya mgando. Kidogo sana, kama punje ya maharage kwa mguu mzima. Gliserini imeshika maji, mgando umefunika. Mnajua ugali ukiuacha wazi unavyotengeneza gamba juu? Ukiufunika na bakuli unakaa laini. Ni kitu kile kile.

Changanyeni kidogo kidogo, ya siku mbili tatu, mtengeneze nyingine. Gliserini tupu inakaa muda mrefu bila kuharibika, lakini ukishaitia maji mengi wadudu wanapata pa kuishi, na wewe unakwenda kuipaka kwenye ngozi iliyopasuka.

Wa maji ya waridi, sawa, tumieni badala ya maji. Wa ndimu, hapana! Naomba tusikilizane kwenye hili kwa sababu kila nikitaja gliserini nakutana na maoni ya ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, jua linaunguza pale pale yalipogusa, unapata malengelenge halafu alama nyeusi za wiki na wiki. Nimeyaona kwenye shingo ya mtu ninayempenda, na alichotaka ni kung'aa tu siku ya sendoff yake. Na dada aliyeniuliza kama gliserini inafanya mtu kuwa mweupe: haifanyi, na ninashukuru haifanyi. Ngozi iliyoshika maji inang'aa kwa rangi yake. Ukiuziwa kichupa cha gliserini na ukaambiwa kinabadilisha rangi ndani ya wiki, kuna kingine kimetiwa humo. Vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu na bado vinazunguka. Kiacheni dukani.

Mtaniuliza, kama mgando ndio unaofunika, kwa nini nisipake mgando peke yake? Unaweza. Mwenye bajeti ya kitu kimoja huku nyanda za juu, kipupwe, anunue mgando, nasema wazi. Lakini upake kwenye ngozi yenye unyevu, kwa sababu ukiupaka kwenye ngozi iliyokauka umefunika ukavu. Na ukishuka nao Dar mwezi wa pili, kaskazi inavuma, jasho linatafuta pa kutokea, utaelewa kwa nini kule siutaki mwili mzima. Harara kwa watoto ndiyo usiseme. Dar mgando uishie kwenye visigino, usiku, na soksi juu.

Mafuta ya nazi, mpinzani wa pwani. Nayapenda, lakini tazameni hii chupa. Naigeuza juu chini... haitoki. Tangu nishuke kwenye basi hayajayeyuka hata siku moja, kwa sababu yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au hapo karibu, na huku hizo nyuzi 24 ni za kubahatisha mchana. Asubuhi uanze kuchokoa na kijiko? Mafuta ya parachichi ndiyo yamenishangaza. Mkoa huu wa Njombe umejaa parachichi, mafuta yake hayagandi kwa baridi hii, na yanapendeza kama kifuniko badala ya mgando, hasa usoni. Bei yake ndiyo inauma. Nimetafuta chupa tatu tofauti, nitazilinganisha video ijayo.

Ah, hilo linanikumbusha, video sasa zitatoka Jumapili jioni badala ya Ijumaa. Ijumaa nachelewa kutoka kazini na mwanga unakuwa umeshaondoka, nami nataka ngozi muione ilivyo, bila taa za kudanganya.

Jua nalo. Baridi ikishika watu wanaweka pembeni losheni ya kukinga jua, wanasema jua lenyewe liko wapi. Mionzi ya jua haina habari na baridi. Na ukipanda juu inaongezeka, kwa kila mita 1,000 takriban asilimia 10, na hapa tuko juu ya mita 1,600. Upepo unakupoza, hujisikii unaungua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la uhai kabisa, na nafurahi kuwa pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, wanatengeneza Kilisun, losheni iliyotungwa kwa ajili yao. Kofia pana na mikono mirefu, kipupwe na kiangazi.

Haya, alama. Niliingia hapa nikiwa na hasira nayo, nilikuwa nimeandika tano kwenye karatasi, hii hapa. Lakini kosa siyo la chupa. Dar masika, tisa. Dar kaskazi, saba, kwa sababu inanata na vumbi la barabarani linashika, ipunguzeni: kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji. Makambako, ikiwa tupu, mbili. Ikiwa na maji na kifuniko juu, nane na nusu, na kwa shilingi 4,000 sijaona losheni ya dukani inayoifikia. Mwenye ngozi inayotoa maji, au pumu ya ngozi, msifuate alama zangu, mwone daktari wa ngozi kwanza.

Sasa huu mkono wa kushoto umeshanitumikia vya kutosha. Mdogo wangu, lete lile beseni la uvuguvugu... hapana usiende, uko Tabata wewe. Nitalileta mwenyewe. Nalowesha, mchanganyiko, mgando juu. Jumapili nitapitisha ukucha tena mbele yenu tuone umefika wapi.