Joto la Kisumu: omena ama fileti ya mbuta?

Jua la Februari hapa Kisumu likishakuchoma mchana mzima, nani anataka kusimama kwa jiko saa nzima? Mimi nachukua fileti ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa (sangara), haina mifupa, unaipaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, unaiweka kwa kikaango na mafuta kidogo, dakika 4 upande huu, 4 ule, ikigeuka nyeupe na kuachana ukiigusa na uma basi imeiva, unaila na kachumbari baridi. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, naipenda sana na bei iko chini, lakini lazima uichambue changarawe, uioshe na maji moto mara mbili tatu, ukaange hadi ikauke, halafu nyanya, halafu bado ugali, na hapo nyumba imeshakuwa tanuri. Hiyo niwekee siku ya mvua.