Tahadhari: Wanauza viwanja vya watu Kigamboni, na upekuzi wa hati hauwakamati

Ndugu zangu madalali wa Kigamboni, na ninyi mnaotafuta viwanja Kibada, Mjimwema na Gezaulole, someni hii kabla hamjatoa shilingi yoyote ya arbuni, yaani malipo ya awali ya kushikilia kiwanja.

Kuna kundi linazunguka na hati za viwanja vilivyopimwa. Hizi siyo zile hati za kuchapisha mtaani ambazo mtu mzoefu anazikataa kwa kuziangalia tu. Namba ya kiwanja ni ya kweli, kitalu ni cha kweli, jina la mmiliki ni la kweli. Ukienda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, majibu yanarudi safi: hakuna rehani ya benki, hakuna zuio, mmiliki ni fulani. Hapo mnunuzi anashusha pumzi na dalali anaanza kupiga hesabu ya udalali wake. Lakini upekuzi unakupa jina, haukupi sura. Huyo aliyekaa mbele yako na kitambulisho chenye jina hilo siye mwenye kiwanja.

Wanachagua viwanja ambavyo mwenyewe hayupo. Yuko nje ya nchi, au yuko mkoani, au amefariki na familia haijafungua mirathi. Kiwanja kimeota majani, bikoni za mipaka zimefukiwa na mchanga, majirani wengi wamehamia juzi na hawamjui mwenye eneo. Kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka mingi, na hilo nalo wanalitumia, nitaeleza.

Kwangu alikuja mzee mmoja mstaarabu sana, mwenye maneno ya taratibu. Alipiga simu akasema namba yangu kapewa na mteja wangu wa zamani, ila jina la huyo mteja halikumjia. Kiwanja kiko Kibada, anataka milioni 38, na akaongeza, "Mwanangu, cha juu cha kwako weka unachotaka juu ya bei yangu, mimi nataka changu tu niende nikatibiwe." Kwa eneo lile na ukubwa ule, bei hiyo ni ya chini mno. Mteja wangu alikuwa tayari siku ileile.

Nikamwambia, "Sawa mzee. Kesho tukutane ofisi ya serikali ya mtaa, kisha twende benki, mteja akuwekee kwenye akaunti yenye jina lako kama lilivyo kwenye hati." Akakohoa. Serikali ya mtaa hakutaka, eti mwenyekiti ana ugomvi naye wa siku nyingi. Akaunti yake benki imelala. Pesa iingie kwa kijana wake. Wakili wanaye wao, na mkataba tungesainia hotelini Mjini, siyo ofisini kwa huyo wakili. Mteja wangu nikamrudisha nyumbani na pesa yake. Mzee hakupiga tena.

Wakaenda kwa dalali mwenzetu. Mnunuzi akatoa milioni 15 ya arbuni, mkataba ukapigwa muhuri, na baada ya hapo simu zote zikazimwa. Mnunuzi alipokwenda polisi, mtu wa kwanza kushikwa alikuwa dalali, kwa sababu ndiye anayejulikana anapokaa. Kalala mahabusu kwa kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na wakati huo mkewe anazunguka kutafuta wa kumdhamini. Nimeumia sana na jambo hili. Ni mtu mwaminifu, ana watoto wanaosoma, na jina lake mtaani limeshachafuka kwa pesa ambayo hata haikupita mkononi mwake.

Sasa niseme kwa nini wanafanikiwa. Kila dalali anajua kwamba kumpata mnunuzi siyo kazi. Kazi ni kuanzia pale wanapopeana mikono mpaka jina libadilike kwenye daftari la Msajili wa Hati. Hapo katikati kuna uthamini, kuna fomu za uhamisho, kuna madeni ya pango la ardhi, kuna TRA na kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na ushuru wa stempu. Mauzo mengi yanafia hapo. Muuzaji anashtuka akisikia kodi, anataka bei ya kwenye mkataba ishushwe, mnunuzi anakataa, wiki zinapita. Kama ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenza, na mwenza naye mara nyingi ndiyo kwanza anasikia kwamba nyumba inauzwa. Dalali aliyehangaika na mauzo ya namna hiyo mara mbili tatu, akiletewa muuzaji asiyebishana na chochote, anamwona kama rehema.

Tazameni hapohapo. Huyu mzee alikubali kila gharama. Kodi yote atalipa yeye. Uthamini atagharamia yeye. Mke alikuja naye, tayari kusaini, na alisaini kwa huyo mwenzetu bila kuuliza hata swali moja kuhusu pesa. Muuzaji halali hulalamika, kwa kuwa gharama hizo zinatoka mfukoni mwake kweli. Huyu analijua jambo moja: TRA hatafika. Anachotaka ni arbuni, na mkishampa arbuni mauzo kwake yamekwisha.

Na lile deni la pango la ardhi ni hivi. Anakwambia, "Nilipie hilo deni ili tuende haraka, tutakatana kwenye bei." Kisha anatoa namba ya simu ya "afisa ardhi" ya kutumia pesa. Pango la ardhi linalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na fedha inaingia serikalini moja kwa moja. Afisa anayepokea kodi kwenye simu yake siyo afisa.

Mimi ninavyofanya, na naomba mfanye, ni kumhakiki mtu kwa uzito uleule wa kuhakiki kiwanja. Akaunti ya benki yenye jina la kwenye hati ndiyo kinga kubwa kuliko zote, maana mara nyingi benki humfungulia mtu akaunti kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Tapeli anaweza kuchapisha kitambulisho, vidole hawezi. Ukituma kwa simu na jina linalotokea siyo la kwenye hati, simamisha, hata akisema ni mwanawe. Tafuta jirani mkongwe, siyo huyu aliyejenga juzi, umwoneshe picha ya muuzaji ukiwa peke yako. Wakili awe wa mnunuzi, na mkataba usainiwe ofisini kwake. Muuzaji akisema mwenye jina alifariki na yeye ni mtoto, aoneshe barua ya usimamizi wa mirathi, kisha uende mahakama iliyoitoa ukaulize kama jalada hilo lipo. Kuwa mtoto wa marehemu peke yake hakumpi mtu haki ya kuuza.

Na arbuni ikae kwa wakili wa mnunuzi mpaka muuzaji asaini fomu za uhamisho na ziwasilishwe. Muuzaji wa kweli atanuna, lakini atakubali akieleweshwa.

Wanunuzi, msiwape madalali presha ya "fanya haraka nisije nikakikosa." Kiwanja cha Kibada kinachouzwa milioni 38 leo hakitakimbia kesho asubuhi.

Yule mwenye kiwanja halisi tumempata kupitia jirani mmoja mama mtu mzima anayemfahamu tangu walipogawiwa viwanja. Yu hai, yuko mkoani, na hajawahi kumpa mtu yeyote ruhusa ya kuuza. Namba ya kiwanja siiandiki hapa kwa kuwa ni mali ya mtu asiye na kosa. Ninavyoandika, nimesikia mzee wa maelezo kama hayohayo anatembeza kiwanja kingine upande wa Gezaulole, safari hii akiwa na "binti" badala ya mke. Kama amekupigia, usimtukane na usimwambie umemjua. Tunza namba yake, picha ya hati aliyokutumia na jina la kijana wa kupokea pesa, uvipeleke kituo cha polisi Kigamboni. Jalada limeshafunguliwa, na dalali mwenzetu anahitaji ushahidi huo kuliko mtu mwingine yeyote.