Okestra ilipovamia ukumbi wa disko: uzoefu wangu wa usiku mmoja Birmingham

Nililipa pauni 46 kwa tiketi moja, na pauni 5 nyingine zilizoitwa ada ya huduma, ili nisikilize okestra ya wanamuziki wapatao 40 wakipiga nyimbo za hausi na tekno, yaani muziki wa disko unaotengenezwa kwa mashine, za miaka ya 1980 na 1990 katika ukumbi mmoja hapa Birmingham. Ukumbi wenyewe na waandaaji sitawataja, kwa kuwa ninayo malalamiko kadhaa na nisingependa maandishi haya yageuke kuwa kesi. Aliyenishawishi kwenda ni shemeji yangu, mzaliwa wa Mombasa aliyefika Uingereza mwaka 1991 na ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alizicheza nyimbo hizi hadi alfajiri wakati zilipokuwa mpya. Mimi nilikulia Unguja, katika nyumba ya mjomba wangu aliyekuwa mpiga fidla wa kikundi cha taarab asilia, na nyimbo za aina hiyo nilizijua kwa kupita tu, kama mtu anavyozijua nyimbo zinazosikika kutoka nyumba ya jirani. Kwa hiyo tuliingia ukumbini tukiwa na masikio ya aina mbili: yeye alikwenda kuzitafuta nyimbo, mimi nilikwenda kuzisikiliza fidla.

Tamasha la namna hii si jambo geni tena. Tarehe 2 Julai 2005, Jeff Mills, mpigaji tekno kutoka Detroit, Marekani, alisimama pamoja na okestra ya Montpellier mbele ya Pont du Gard, lile daraja la mawe la kupitishia maji lililojengwa na Warumi kusini mwa Ufaransa, na tungo zake za mashine zikapigwa kwa fidla na tarumbeta kwa mpangilio wa nota uliofanywa na Thomas Roussel. Lakini lililoufungua mlango kwa umma wa Uingereza ni onyesho la tarehe 29 Julai 2015 katika Royal Albert Hall, mjini London, ambapo DJ Pete Tong na Heritage Orchestra iliyoongozwa na Jules Buckley walipewa usiku mzima ndani ya Proms, msimu wa BBC wa matamasha ya muziki wa okestra, kuadhimisha miaka 20 ya redio ya BBC Radio 1 huko Ibiza, kisiwa cha Hispania kinachosifika kwa disko. Mwaka uliofuata Manchester nayo ikapata onyesho lake la Hacienda Classical, lililopewa jina la klabu ya disko ya zamani ya mji huo, pamoja na okestra ya Manchester Camerata. Tangu hapo waigaji wamekuwa wengi, na tamasha nililohudhuria mimi ni la mmojawapo wao.

Wimbo wa kwanza ulionifanya niketi wima ni ule wa Fatboy Slim, DJ wa Kiingereza, «Right Here, Right Now». Kila anayeufahamu anazijua fidla zake zinazopanda taratibu kama mtu anayepandisha ngazi akiwa amebeba mzigo. Fidla hizo hakuzipiga Fatboy Slim wala hakumwajiri mtu wa kuzipiga. Ni kipande kilichokatwa kutoka katika rekodi ya bendi ya Kimarekani, James Gang, ya mwaka 1970, kikaingizwa kwenye mashine na kurudiwarudiwa. Yaani mashine iliazima sekunde chache za jasho la wapiga fidla, na sasa, mbele ya macho yangu, wapiga fidla wengine walikuwa wakilirudisha deni hilo kwa mikono. Tofauti inasikika mara moja. Katika rekodi, kila marudio ni yale yale, pamoja na mkwaruzo wake na pumzi yake. Ukumbini, marudio ya nne hayakuwa sawa na ya tatu, kwa sababu uta uliokwisha kushuka hauna budi kupanda tena, na mkono unaoupandisha umeanza kuchoka. Niliona hata namna walivyokabiliana na uchovu huo: wapigaji wa dabo besi waligawana kipande kinachorudiwa, wawili wakipiga huku wawili wakipumzisha viganja, kisha wakapokezana bila mdundo kukatika. Mashine haina haja ya kupokezana na mtu, na sidhani kama muziki wake hunufaika kwa hilo.

Shemeji alininong'oneza, «Shemeji, ni ule ule, ila leo umevaa kanzu.»

Palipofika wimbo wa kikundi cha Uingereza, Faithless, wa mwaka 1995, «Insomnia», mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya mpangaji nota. Ule mlio maarufu wa wimbo huo unatoka katika kinanda cha umeme kinachoiga fidla zinazodonolewa kwa kidole badala ya kupigwa kwa uta. Mtu angedhani kwamba kuwapa wapiga fidla halisi kazi hiyo ni jambo rahisi, kwa kuwa sauti ile ni yao tangu mwanzo. Kumbe sivyo. Kinanda kinadonoa kwa nguvu ile ile kila noti, kikali kama mvua ya mawe juu ya bati, ilhali kidole cha mtu juu ya uzi hutoa sauti ndogo inayokufa haraka, na fidla kumi zikidonolewa pamoja hazipati hata nusu ya ukali ule. Watu walianza kushangilia kwa noti za kwanza, kisha kelele zao zenyewe zikazifunika fidla. Wimbo uliokolewa na tarumbeta na tromboni, ambazo ziliuchukua mlio ule katika mzunguko wa pili na kuutupa hadi ukuta wa nyuma. Ninaamini aliyeziandika nota hizo alilijua tatizo mapema, akaacha fidla zishindwe kidogo ili shaba zipate la kufanya. Na kama hakulijua, basi bahati ilikuwa upande wake.

Kilele changu kilikuwa «Café del Mar» wa Energy 52, wimbo wa mwaka 1993 uliopewa jina la baa iliyopo San Antonio, Ibiza, ambako watu hukusanyika kulitazama jua likizama. Ni wachache miongoni mwa waliocheza usiku ule, nadhani, waliofahamu kwamba melodia yake ina asili katika utungo wa mwaka 1983 wa Wim Mertens, mtunzi wa Ubelgiji, ulioandikwa kwa ajili ya ala za kawaida kabla DJ yeyote hajaugusa. Kwa sababu hiyo hapakuwa na kulazimisha. Kwa muda wa dakika nzima hivi ngoma ya kompyuta ilinyamazishwa, zikabaki selo na fidla za pili zikizungusha melodia ile, na kwa mara ya kwanza usiku ule nilisikia mbao: ule mlio wa ndani ya mwili wa chombo, ambao spika kubwa huumeza. Shemeji, ambaye alikuwa hajaketi tangu saa mbili, aliketi.

Sasa malalamiko. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya okestra huwa na mwangwi wa makusudi, mara nyingi wa sekunde mbili hivi, ili noti ya fidla iendelee kuelea baada ya uta kuondoka. Muziki wa hausi nao huenda kwa mapigo 120 hadi 130 kwa dakika, maana yake ngoma nzito inapigwa kila nusu sekunde au chini ya hapo. Hesabu yake ni nyepesi: kabla pigo moja halijafa, mengine matatu au manne yamekwisha kulipanda mgongoni. Kwa mtu aliyekaa ghorofa ya chini, karibu na spika, athari hiyo haionekani sana, lakini sisi tuliokaa nyuma, chini ya roshani, tulikuwa tunapokea uji wa besi ambamo viola zilizama zisionekane tena. Fundi mitambo alikuwa na uwezo wa kuishusha ngoma ile. Alichofanya ni kuipandisha, na kila alipoipandisha ndivyo wanamuziki 40 walivyogeuka kuwa pambo. Niliwaona wakivuta nyuta kwa bidii yote, nisisikie chochote kutoka kwao, kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa sauti. Kwa pauni 51 hilo ni kosa lisilosameheka kirahisi.

Ni haki kueleza kwamba ngoma ya mashine haiwezi kuondolewa moja kwa moja. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo katika jukwaa lenye upana wa mita 15, mpigaji wa upande mmoja humsikia wa upande wa pili baada ya zaidi ya sehemu 40 za elfu moja za sekunde. Katika muziki unaovumilia kuyumba, kiongozi wa okestra hulimaliza jambo hilo kwa fimbo yake. Katika hausi, ambayo uzuri wake wote uko katika kutoyumba, ucheleweshaji huo husikika kama kusuasua. Ndiyo maana karibu kila mmoja jukwaani alikuwa na kifaa sikioni kinachompa mdundo wa kompyuta, na kiongozi wao pia, ambaye nyakati fulani alionekana kama imamu anayemfuata maamuma.

Niliporudi nyumbani nilijikuta ninafikiria safari ya kinyume iliyofanyika kwetu. Taarab ya Unguja ilikuwa ya okestra kamili tangu zamani. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na baadaye, kwa kufuata mtindo wa Misri, vikundi vikawa na safu za fidla, ganuni, udi, nai, kodiani, selo na dabo besi. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, ikaja taarab ya rusharoho, na kinanda kimoja cha umeme kikafanya kazi ya watu kumi na watano, kwa ujira wa mmoja. Mjomba alikitundika chombo chake ukutani wakati huo huo shemeji alipokuwa akicheza ngoma za mashine huku Uingereza. Sisi tulitoka kwenye uta tukaenda kwenye umeme. Wenzetu hawa wametoka kwenye umeme wanarejea kwenye uta, tena wanatozwa pauni 5 za ada ya huduma.

Kwa anayetaka kuonja bila kununua tiketi, nimesikiliza rekodi tatu tangu usiku ule. «Blue Potential» ya Jeff Mills, iliyotoka 2006 ikiwa na sauti na picha za onyesho la Pont du Gard, ndiyo ningempa mtu kwanza, kwa kuwa Mills anapiga ngoma zake mwenyewe palepale na unamwona akiisikiliza okestra. «Acoustica» ya mwaka 2005, ambamo kikundi cha Marekani kiitwacho Alarm Will Sound kinapiga tungo za Aphex Twin, mtunzi wa Uingereza wa muziki wa mashine, ni ngumu na si ya kuchezwa, lakini ndiyo pekee kati ya hizi iliyonichekesha kwa furaha, kwa namna watu wenye ala za kawaida wanavyozikimbiza kelele ambazo hazikukusudiwa kupigwa na binadamu. «Versus» ya Carl Craig, mpigaji tekno mwingine wa Detroit, ya mwaka 2017, pamoja na okestra ya Les Siècles na mpiga piano Francesco Tristano, ni nzuri kwa kuendesha gari usiku. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Atakayekwenda ukumbini namshauri achukue kiti cha mbele ya roshani ya kwanza, si chini yake, hata kama bei yake ni ya juu, na asiende kwa kutegemea kuketi, kwani kufikia wimbo wa tatu mtu wa mbele yako atakuwa amesimama. Nami nimekwisha kununua tiketi za mwakani, safari hii tatu, kwa kuwa mke wangu amesikia habari akadai haki yake.

Mjomba nilimtumia kipande cha dakika mbili nilichokirekodi kwa simu wakati wa «Insomnia». Alijibu kesho yake kwa ujumbe wa sauti, baada ya kukisikiliza, nadhani, zaidi ya mara moja: «Mpwa wangu, hawa wenye fidla wanajua kazi yao, nawasikia kwa mbali. Nani kawazika chini ya hiyo ngoma?»