Kifurushi cha marudio ya kikapu: nyota nne

Hiki kifurushi cha kustrimu marudio ya mechi za mpira wa kikapu wa Marekani picha yake kali na haigandi, hapo sina neno. Nimeanza na timu ya Warriors msimu wa 2015-16, jamaa wanashinda mechi 73 wanapoteza 9 tu, raha mtupu, halafu fainali wanaongoza gemu 3-1 wanaachia, wapinzani wao Cleveland wanabeba gemu ya saba 93-89, na ile bloku ya LeBron wa Cleveland kumzuia Iguodala wa Warriors asifunge nimeirudisha mpaka basi. Sasa mechi 82 zote za msimu za nini kama bingwa anatoka kwenye pleiofu, yaani mtoano wa baada ya msimu? Kwa haki mi nampa aliyeongoza msimu, ila kwa utamu pleiofu haina mpinzani aisee. Kinachoboa, app inakuonyesha matokeo kabla hujaifungua mechi, jamani!