Super VC10 ya 1/144: umbo limepatikana, maungio yanataka roho ngumu

Nianze na bei ya seti hii ya kuunga modeli ya plastiki ya VC10, ndege ya abiria ya Uingereza, ndogo mara 144 kuliko halisi, maana najua ndilo swali la kwanza: paundi 24. Mpwa wangu aliinunua huko huko Uingereza akaja nayo kwenye begi, nami nikamlipa usafiri kwa kilo mbili za korosho. Kampuni siitaji. Ndani ya boksi kuna fremu nne za plastiki ya kijivu, moja ndogo ya vioo, stika za maji za BOAC (shirika la ndege la Uingereza la zamani), na karatasi ya maelekezo iliyochorwa na mtu ambaye nina hakika hajawahi kuiunga ndege hii yeye mwenyewe.

Kwa nini VC10? Marehemu baba alikuwa fundi wa East African Airways pale Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, na kwetu picha ya ndege hii ilikaa sebuleni juu ya redio. Ilitengenezwa hasa kwa viwanja vya aina ile: joto, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, ambako hewa nyepesi huifanya ndege ihangaike kuruka. Ndiyo maana injini zake nne, Rolls-Royce Conway, zote ziko mkiani, mbili kila upande, bawa likabaki tupu lifanye kazi yake bila kuingiliwa. Shirika lilikuwa nazo tano. Niliyotaka kuunga ni 5H-MOG, ya usajili wa Tanzania, VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, 1970. Shirika lilipokufa 1977 ndege hiyo ilirudi Uingereza, jeshi la anga likaigeuza tangi la kujazia ndege nyingine mafuta angani, ikaruka mpaka 2013. Bado ipo, imehifadhiwa Dunsfold, huko huko Uingereza.

Sasa seti yenyewe. Umbo ni zuri, hapo siwanyimi haki yao. Nilipima mwili nikapata sentimita 36 na ushei, sawa na mita 52 za ndege halisi ukigawa kwa 144. Pua imekaa vizuri, na ule mkia wa herufi T ukiutazama kwa pembeni unakubali moja kwa moja kwamba ni VC10. Mistari ya mabati ni myembamba, haikuchimbwa kama mitaro ya maji ya mvua.

Tabu inaanza unapokutanisha kipande na kipande.

Nusu mbili za mwili zilikuja zimejipinda kama ndizi. Ukibana mbele, nyuma panafunguka. Usijaribu kuzifunga kwa mkupuo mmoja. Mimi nilianzia puani, nikapaka gundi nyepesi sentimita tano tano, nikafunga tepu ya karatasi na vibanio vya nguo, nikalala. Kesho yake tano nyingine. Siku nne hizo kwa mwili tu.

Kabla hujafunga, kumbuka uzito. Plastiki yote nzito iko nyuma, na usipoweka kitu puani ndege itakaa kwa makalio. Karatasi imechora kitone cheusi tu, gramu haikutaja. Nilikwenda Feri, soko la samaki, nikanunua chubwi za wavuvi, nikazigonga kwa nyundo zikawa bapa, nikazibandika nyuma ya chumba cha rubani kwa gundi ya mirija miwili. Kujua kama zinatosha, funga mwili kwa tepu, bandika mabawa, mkia na injini kwa tepu vilevile, kisha uegemeze yote juu ya penseli mahali magurudumu makubwa yatakapokaa. Pua ikishuka, umemaliza. Ikipanda, rudi Feri.

Bawa la kulia liliacha mwanya wa milimita moja juu, pale linapokutana na mwili. La kushoto halikuacha mwanya ila lilikaa juu ya mwili kama kizingiti. Ugonjwa ni mmoja: ulimi wa bawa ni mnene kuliko tundu lake. Ukikimbilia puti hapa utapaka mpaka ukome, na mistari yote itapotea chini ya msasa. Piga ulimi tupa kwanza, ujaribu, upige tena. Kushoto paliisha kwa tupa peke yake. Kulia nilikata kipande chembamba cha kopo la mtindi nikakichomeka kwenye mwanya. Lakini geuza kopo utazame chini: liwe na namba 6 ndani ya ile pembetatu, ndiyo plastiki ya aina moja na ya modeli, gundi inaiyeyusha na kuiunganisha. Lenye namba 5 halishiki hata ukililia. Baada ya hapo puti kidogo tu, ile ile ya mafundi wa bodi wa Gerezani, na msasa wa maji namba 800.

Injini ndizo zilizonitoa jasho. Kila jozi ni vipande vinne, na pete ya mbele ni ndogo kuliko bomba lenyewe, kwa hiyo unabaki na ukingo kuzunguka mdomo mzima. Isitoshe, kikono chake kinacheza ndani ya tundu kama jino la mtoto. Nilikatakata vijiti vya fremu, nikavilowesha ndani ya kichupa cha gundi nyepesi mpaka vikawa uji mzito wa kijivu, nikaupaka ukingoni kwa kijiti cha meno. Uji huo ukikauka ni plastiki tupu, haumeguki kama puti. Ila husinyaa. Acha siku mbili, pakia tena, ndipo upige msasa. Mara ya kwanza sikusubiri, na baada ya rangi mstari ukajitokeza pale pale.

Jambo lingine kwa wanaotaka ya kwetu: seti ni ya BOAC, na za East African zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo mbele upande wa kushoto. Humu haupo. Nilibandika tepu nene iwe rula, nikachora mlango kwa sindano taratibu, mkono mwepesi, mara kumi kumi. Herufi za usajili nilichapisha mwenyewe kwenye karatasi ya stika.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za umbo. Kama ni modeli yako ya kwanza, iache. Utaichukia kazi hii bure. Kama una hamu na VC10 na jioni zako za miezi miwili hazina mwenyewe, nunua.

Jirani yangu, mzee aliyewahi kufanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani, alikuja kuitazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako mezani. Alivaa miwani, akaizunguka bila kuigusa, akasimama nyuma ya mkia kitambo.

“Mwanangu,” akasema, “hizi injini za kushoto mbona zimelala?”

Nusu milimita. Nilidhani puti imeificha.