Karanti nyeusi kutoka shambani Kent: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Kwa sisi tuliokulia Tanga, karanti nyeusi ilikuwa soda. Fanta Blackcurrant ya baridi, rangi ya zambarau, basi. Sikuwahi kujiuliza kama ni tunda kweli na linafananaje. Nimekuja kuliona Julai mwaka jana kwenye shamba moja la Kent, hapa Uingereza, ambako unapewa ndoo, unachuma mwenyewe, kisha unapimiwa getini na kulipa.

Kilichonipeleka ni binti yangu. Ana miaka 14, na alipopimwa damu ikaonekana pungufu, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Muuguzi alitusisitizia mambo mawili: asivimeze na chai, kwa kuwa chai inazuia chuma kuingia mwilini, na avimeze pamoja na kitu chenye vitamini C, ambayo inasaidia chuma kufyonzwa. Nyumbani kwetu asubuhi bila chai ya maziwa ni mtihani. Juisi ya machungwa ikamchosha ndani ya wiki mbili.

Vichaka vyenyewe vinanifika kifuani. Matunda yananing'inia kwa vichala, madogo, mviringo, meusi ya kung'aa, na kila moja lina kijimkia kikavu cha ua chini yake. Ukigusa majani, vidole vinabaki na harufu kali hadi jioni. Nilitia la kwanza mdomoni nikitegemea utamu wa soda. Uchachu ulikuwa wa ukwaju, halafu ukafuata ule ukakasi wa zambarau unaokausha ulimi. Binti alilitema. Mimi nikaongeza la pili na la tatu, na tangu hapo nalipenda.

Sasa faida zake. Gramu 100 za karanti nyeusi mbichi zina takriban miligramu 180 za vitamini C. Chungwa kwa uzito huohuo lina kama 50. Mtu mzima hapa anashauriwa apate miligramu 40 kwa siku, kwa hiyo konzi moja inatosha na kuzidi. Weusi wake unatokana na anthosayanini, rangi za jamii ileile iliyomo kwenye zambarau na rozela. Watafiti wanazichunguza kuhusu mishipa ya damu na macho, lakini vidonge vya unga wake vinavyouzwa kwa ahadi za kutibu kila kitu, mimi sivinunui. Pia zina potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, kama miligramu 320 kwa gramu 100, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Jirani yangu, bibi wa miaka 87, alifurahi sana aliponiona na ndoo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyambizi za Wajerumani zilipofanya machungwa yaadimike, serikali iliwagawia watoto sharubati ya karanti nyeusi bure. Anakumbuka mama yake akimnywesha kwa kijiko.

Nilichuma kilo tatu. Msihangaike kutoa vijiti matunda yakiwa mabichi! Kilo ya kwanza nilivitoa kwa uma, ikala saa nzima, na kucha zikakaa na rangi siku mbili. Zilizobaki nikazitandaza kwenye sinia na vijiti vyake, nikaziweka kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nilizisugua tu kati ya viganja, vijiti vikakatika vyenyewe. Zimetudumu miezi kadhaa.

Kila asubuhi nilisaga konzi moja na ndizi mbivu na maji kidogo kwenye blenda. Ndizi inapooza uchachu bila kuongeza sukari, na binti akanywa bila kulazimishwa. Sikuzichemsha, maana vitamini C inaharibika kwa moto. Jamu nilijaribu mara moja: nzuri kwa mkate, lakini ilimeza sukari karibu sawa na matunda, na kwa afya siitegemei. Sharubati za chupa nazo, geuzeni chupa msome sukari kabla ya kulipa.

Damu ya binti ilipopimwa tena baada ya miezi mitatu ilikuwa imepanda. Kazi ni ya vidonge, sitaki mtu aviache kwa sababu yangu, tunda lilivisaidia.

Jambo moja kwa mlioko Ulaya: kuna pakiti za vijitunda vikavu vyeusi ambavyo jina lake la Kiingereza, currants, linakaribiana sana na la tunda hili. Zangu zilipoisha nilinunua hizo, kumbe ni zabibu kavu ndogo, na jina limetoka mji wa Korintho huko Ugiriki. Vitamini C ndani yake ni kama hakuna.

Na mlioko nyumbani, msihangaike kuagiza. Mmea huu unahitaji miezi ya baridi kali ndipo uzae vizuri, hauwezi joto la pwani. Mdogo wangu aliponiomba nimtumie unga wake nilimwambia aende uani kwa mama akachume mapera: gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na hayalipiwi.

Sisi Julai tunarudi Kent. Safari hii nachukua ndoo mbili, na binti ameomba aje.